Kumkabidhi Mkaguzi Ufunguo: Historia ya Ukaguzi wa Akaunti za Wingu

Kwanza naomba radhi kwa kimya changu cha majuma kadhaa. Kazi zilinibana kweli kweli, na mojawapo ya kazi hizo ndiyo iliyozaa makala haya. Jimiminie chai kabisa, maana leo hadithi ni ndefu kidogo.

Ilikuwa hivi. Kampuni ninayofanyia kazi hapa Nairobi huweka mitambo yake kwenye wingu la AWS. Kampuni yenyewe ni ndogo, lakini tunahifadhi majina, nambari za simu na picha za vitambulisho vya watu ambao hata hawatujui kwa sura. Siku moja mkubwa wangu akaja mezani kwangu na anwani ya tovuti inayouza huduma ya kukagua makosa ya mipangilio kwenye akaunti za wingu. "Unganisha akaunti yetu leo leo," akasema. "Wanasema ni dakika tano tu."

Nikafungua ukurasa wa kujiandikisha. Hatua ya kwanza ilitaka jina na barua pepe. Hatua ya pili ikanitaka nitengeneze ufunguo wenye mamlaka yote juu ya akaunti yetu, kisha niubandike kwenye kisanduku cha tovuti yao. Hapo mkono ukasita.

Hebu fikiria. Unaogopa wezi, kwa hivyo unamwita mtu ambaye hujawahi kumwona, unamkabidhi funguo za nyumba nzima pamoja na sanduku la pesa, ili aje akuambie kama milango yako imefungwa vizuri! Nikamwambia mkubwa wangu, "Mzee, nipe wiki moja nisome kwanza." Akanung'unika, lakini akanipa.

Wiki ile nilijifunza kwamba swali langu lilikuwa na umri mkubwa kuliko mimi. Mkaguzi apewe kiasi gani cha kuingia ndani? Akipewa kidogo mno haoni kitu. Akipewa kingi mno, yeye mwenyewe anakuwa hatari. Watu wamelipigania swali hili tangu miaka ya 1980, na ile fomu ya dakika tano ni matunda ya mapigano hayo. Wacha tuanze mwanzo.

MKAGUZI WA KWANZA ALIKAA NYUMBANI

Mwishoni mwa miaka ya 1980 vyuo vikuu vya Marekani vilikuwa na tarakilishi za Unix ambazo watu wengi walizitumia kwa pamoja. Novemba 1988 programu iliyoandikwa na mwanafunzi Robert Morris, maarufu kama mnyoo wa Morris, ilisambaa yenyewe kutoka mashine hadi mashine na kuzilemaza nyingi. Watu wakaamka usingizini. Wakagundua kwamba mashine zao zilijaa milango iliyoachwa wazi, na mara nyingi aliyeiacha wazi alikuwa msimamizi mwenyewe kwa kuweka mipangilio vibaya.

Katika Chuo Kikuu cha Purdue mwanafunzi mmoja, Dan Farmer, akishirikiana na mwalimu wake Gene Spafford, akatengeneza COPS, jina ambalo kwa Kiingereza cha mitaani ni polisi. Makala yao kuihusu yalitoka mwaka 1990. COPS ilitafuta faili ambazo mtu yeyote angeweza kuziandika, maneno ya siri yaliyo rahisi kubahatishwa, na programu zilizopewa mamlaka kupita kiasi. Haikurekebisha chochote. Iliandika ripoti, ikanyamaza.

Angalia mpangilio wake. Mkaguzi ni programu unayoiendesha wewe, kwenye mashine yako, na ripoti inabaki kwako. Tena sehemu kubwa ya kazi yake haikuhitaji hata mamlaka ya msimamizi mkuu. Suala la kumwamini mgeni halikuwepo. Kasoro yake ni kwamba kila mwenye mashine ilibidi awe na bidii ya kuiendesha, na wengi hawakuwa nayo.

MKAGUZI ANAYEBISHA HODI NJE

Miaka michache baadaye Farmer aliungana na Wietse Venema wa Uholanzi. Tarehe 5 Aprili 1995 wakatoa programu nyingine ambayo jina lake tu lilizua kelele: SATAN. Ndiyo, kama Shetani mwenyewe. Kwa waliokerwa na jina hilo waliweka programu ndogo ya kutubu. Ukiiendesha, jina lilibadilika kila mahali na kuwa SANTA!

SATAN haikukaa ndani ya mashine. Ilikaa mbali na kubisha hodi kupitia mtandao, mlango mmoja baada ya mwingine, kisha ikakuonyesha kwenye kivinjari cha wavuti ni mashine gani zina udhaifu. Ubishi ukawa mkali. Wengine walisema imewapa wezi bunduki bure. Farmer alikuwa akifanya kazi katika kampuni ya Silicon Graphics, na wakaachana naye kabla programu haijatoka. Hoja ya Farmer na Venema ilikuwa rahisi: wezi tayari wanajua kubisha hodi, ni wenye nyumba ndio hawajui.

Lakini kisa kilichonikalia moyoni ni kingine. Siku chache baada ya kutolewa kwake, kituo cha CERT cha Marekani kilitoa onyo kuhusu SATAN yenyewe. Ilikuwa ikilinda kikao chake kwa neno la siri, na ikagunduliwa kwamba msimamizi akitoka kwenye kurasa za SATAN na kwenda kutembelea tovuti nyingine kwa kivinjari kile kile, neno lile lingeweza kuvuja kwenda huko. Mkaguzi wa udhaifu alikuwa na udhaifu. Toleo la kurekebisha likatoka upesi, ila somo likabaki: kila unachokileta kukagua nyumba nacho ni mlango.

Desemba 1996 Farmer alitoa matokeo ya uchunguzi wake wa takriban tovuti 2,200, zikiwemo za benki na za serikali. Zaidi ya asilimia 60 zingeweza kuvunjwa. Kelele za Aprili 1995 zilikuwa zimeisha, milango bado ilikuwa wazi.

Mwaka 1998 kijana Mfaransa, Renaud Deraison, akatoa Nessus, programu ya bure ya kubisha hodi ambayo ilienea dunia nzima mpaka ilipofungiwa msimbo wake mwaka 2005 na kuwa bidhaa ya kampuni. Mwaka 1999 ikaanzishwa kampuni ya Qualys, ambayo iliuza ukaguzi kama huduma kupitia intaneti. Huna haja ya kusakinisha chochote kwenye seva zako, unalipa tu, wao wanakubishia hodi. Kufikia hapo mkaguzi alishakuwa kampuni ya nje. Bado lakini kazi yake kubwa aliifanya akiwa barabarani, akitazama nyumba yako kama anavyoitazama mpita njia yeyote.

WINGU LILIPOKUJA

Amazon ilifungua S3, ghala lake la kuhifadhi faili, Machi 2006. Agosti mwaka huo huo ikafungua EC2, huduma ya kukodisha seva kwa saa. Hapa sisi Waafrika tuna haki ya kujisifu kidogo, maana EC2 ilijengwa na kikundi cha wahandisi waliokaa Cape Town, Afrika Kusini, chini ya Chris Pinkham.

Wingu liligeuza maana ya mlango. Zamani ukitaka kufungua ukuta ulihitaji fundi, waya na kifaa. Kwenye wingu ukuta ni mistari ya mipangilio. Seva ni mistari ya mipangilio. Kufuli nayo ni mistari ya mipangilio, na yote hubadilishwa kwa ombi moja la API kutoka popote duniani. Mwenye ufunguo wa akaunti ana uwezo wa kubomoa jengo zima akiwa amelala kitandani kwake.

Tena mwanzoni funguo zilikuwa jambo la kutisha. Akaunti ilikuwa na mwenyewe mmoja, na funguo zake zilifungua kila kitu. Mfumo wa IAM, unaokuruhusu kugawa watumiaji na mamlaka mbalimbali ndani ya akaunti moja, ulianza kwa majaribio mwaka 2010 na kuwa rasmi mwaka 2011. Kwa miaka kadhaa kabla ya hapo, ukitaka mtu akusaidie kazi, ulimpa ufunguo mkuu basi.

Juni 2014 dunia ikaona gharama yake. Code Spaces ilikuwa kampuni iliyowahifadhia watengenezaji programu misimbo yao. Mtu akaingia kwenye jopo la kuendeshea akaunti yao ya AWS, akadai pesa. Walipojaribu kumtoa, akaanza kufuta: diski, nakala za diski, faili za S3. Ndani ya saa 12 hivi, sehemu kubwa ya data ilikuwa imekwenda pamoja na nakala za akiba, kwa sababu nakala nazo zilikuwa kwenye akaunti ile ile. Kampuni ikafunga. Haikufilisika polepole, ilikufa kama taa inavyozimwa.

Halafu kukawa na lile balaa la ndoo. AWS huita sehemu ya kuhifadhia faili kwenye S3 kwa jina la ndoo. Tangu mwanzo ndoo mpya ilizaliwa ikiwa imefunikwa, ni mwenyewe ndiye aliyeondoa kifuniko. Juni 2017 mtafiti Chris Vickery wa kampuni ya UpGuard alikuta ndoo ya kampuni ya Deep Root Analytics ikiwa na taarifa za wapiga kura milioni 198 wa Marekani, wazi kabisa, bila hata neno la siri. Hakuna aliyevunja kitu. Kulikuwa na mtu aliyeweka mpangilio mmoja vibaya akaenda zake nyumbani.

Amazon yenyewe hueleza kwamba wajibu umegawanywa: wao hulinda wingu, mteja hulinda alichokiweka ndani yake. Novemba 2018 waliongeza swichi ya kuzuia uwazi wa ndoo kwa akaunti nzima, na tangu Aprili 2023 kila ndoo mpya huja swichi hiyo ikiwa imewashwa. Ndoo za zamani zilibaki jinsi wenyewe walivyoziacha. Nitakuja kwenye ndoo za zamani, subirini.

KWA NINI MKAGUZI ALITAKA KUINGIA NDANI

Sasa mnaona tatizo. Mkaguzi wa kubisha hodi hana macho ya kuona mengi ya haya. Hajui kama mfanyakazi aliyeacha kazi miaka miwili iliyopita bado ana ufunguo unaofanya kazi. Hajui kama kumbukumbu za matukio zimezimwa. Hajui kama msimamizi mkuu anaingia bila uthibitisho wa pili kwenye simu. Ili ayaone hayo lazima aingie ndani na kusoma mipangilio yenyewe kupitia API. Habari njema ni kwamba akishaingia, husoma kila kitu kwa dakika chache, maana jengo lote limeandikwa.

Kwa hiyo njia zikawa mbili, kama zile za zamani. Ya kwanza ni ya COPS: endesha mwenyewe. Netflix ilitoa bure programu yake ya Security Monkey mwaka 2014. Februari 2016 shirika la CIS likachapisha orodha ya vipimo vya msingi vya akaunti ya AWS, na mwaka huo huo Toni de la Fuente akaanzisha Prowler, programu ya bure ya kupima akaunti kwa orodha hiyo. Watu huitumia mpaka leo.

Njia ya pili ni ya Qualys: lipa kampuni ya nje. Evident.io ilianzishwa mwaka 2013, na Palo Alto Networks wakainunua mwaka 2018 kwa dola milioni 300. RedLock nayo ikanunuliwa na hao hao mwaka huo huo. Kampuni ya Wiz ilianzishwa mwaka 2020 tu, na Machi 2025 Google ikatangaza makubaliano ya kuinunua kwa dola bilioni 32. Pesa hizo zinakuambia ni watu wangapi wanaogopa mipangilio yao wenyewe.

Na kila kampuni ya njia hii ya pili huanza na hatua ile ile: unganisha akaunti yako. Yaani tufungulie.

UFUNGUO AU WADHIFA?

Njia ya kizamani ya kuunganisha ni ile niliyoletewa mimi: unatengeneza ufunguo wa kudumu, unaubandika kwao, wanauhifadhi. Hasara yake ilionekana Julai 2016. Datadog, kampuni inayofuatilia afya ya seva za wateja, ilitangaza kwamba imevamiwa. Wateja wengi walikuwa wameiachia funguo zao za AWS, na kulikuwa na jaribio la kutumia funguo za mteja mmoja. Datadog ikawataka wateja wabadilishe funguo na wahamie njia nyingine isiyohitaji ufunguo kukaa kwao. Kosa halikuwa la wateja, ila waliokesha usiku ni wateja vilevile.

Njia hiyo nyingine huitumia AWS tangu mwaka 2012 kati ya akaunti na akaunti, nami nitaiita wadhifa. Badala ya kumpa mgeni ufunguo, unaunda wadhifa ndani ya akaunti yako, mathalani "mkaguzi". Wadhifa huo una karatasi mbili. Karatasi ya kwanza inasema nani anaruhusiwa kuushika: akaunti nambari fulani ya ile kampuni. Ya pili inasema anayeushika anaruhusiwa kufanya nini. Kampuni ikitaka kukagua inaomba kushika wadhifa, inapewa funguo za muda zinazokufa zenyewe baada ya saa moja au kadhaa. Ukichoka nao unafuta wadhifa, kwisha. Hakuna siri yako ya kudumu inayolala kwenye hifadhidata ya mtu mwingine.

Ni mfano wa mlinzi wa lango la jumba la ofisi. Mgeni haachiwi ufunguo. Anaandikwa kwenye kitabu, anapewa beji, na jioni anairudisha.

Nilidhani hapo hadithi imekwisha. Kumbe kuna shimo jingine, na aliyelieleza vizuri alifanya hivyo mwaka 1988, miaka 18 kabla ya S3.

TARISHI ALIYECHANGANYIKIWA

Norm Hardy alikuwa mhandisi aliyewahi kufanya kazi katika kampuni ya Tymshare, iliyokodisha muda wa tarakilishi kubwa kwa wateja. Katika makala fupi ya mwaka 1988 alisimulia kisa cha programu ya kutafsiri msimbo wa lugha ya FORTRAN. Programu hiyo ilipewa ruhusa ya kuandika kwenye saraka yake yenyewe, ili iweke humo takwimu za matumizi. Kwenye saraka hiyo hiyo kulikuwa na faili la hesabu za malipo ya wateja. Mteja aliruhusiwa kuiambia programu, "matokeo yangu ya ziada yaandike kwenye faili fulani." Basi mteja mmoja akataja jina la lile faili la malipo. Mteja hakuwa na ruhusa ya kuligusa. Programu ilikuwa nayo. Ikaandika juu yake, hesabu zikapotea.

Programu haikuwa mbaya wala haikudukuliwa. Ilibeba mamlaka ya bwana wawili kwa wakati mmoja, na haikujua hapo inatumikia yupi. Hardy aliuita mkanganyiko huu kwa jina la naibu aliyechanganyikiwa. Mimi namwona kama tarishi aliyebeba funguo za ofisi nyingi, na yeyote akimwambia "nifungulie chumba namba saba" anafungua, bila kuuliza kama chumba namba saba ni cha huyo anayesema.

Sasa rudi kwenye huduma ya ukaguzi. Ina wateja elfu. Kila mteja ameiruhusu ishike wadhifa katika akaunti yake. Mwizi naye anajiandikisha kama mteja wa kawaida, analipa hata ada. Kwenye kisanduku cha "andika anwani ya wadhifa wako", anaandika anwani ya wadhifa wangu. Anwani hizo si siri, mara nyingi zinabahatishika. Huduma inaomba kuingia, akaunti yangu inatazama na kuona ni kampuni ile ile niliyoiruhusu, inafungua. Ripoti ya udhaifu wangu wote inatokea kwenye skrini ya mwizi! Na hakuna aliyedukuliwa.

Dawa yake ni kitambulisho cha nje. Huduma inamtengenezea kila mteja namba yake ya pekee, na kila inapoomba kushika wadhifa kwa niaba ya mteja huyo lazima itaje namba hiyo. Mimi kwenye karatasi ya kwanza ya wadhifa wangu naandika: akaunti fulani ndiyo, lakini tu ikitaja namba hii. Mwizi akiandika anwani yangu, huduma itataja namba ya mwizi, na mlango utakataa.

Wengi hudhani namba hii ni neno la siri. Sivyo. Kazi yake ni kumkumbusha tarishi anamtumikia nani. Ndiyo sababu huduma inayokuambia uchague namba yako mwenyewe imekosea somo zima, maana mwizi naye atachagua namba yako.

MAMLAKA KIASI GANI?

Inabaki karatasi ya pili. Hapa historia ina kisa kimoja cha kutosha. Julai 2019 benki ya Marekani ya Capital One ilitangaza kwamba taarifa za watu takriban milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada zimechukuliwa. Kulikuwa na kizuizi cha mtandao kilichopangwa vibaya. Paige Thompson, aliyewahi kuwa mfanyakazi wa Amazon, alikitumia kupata funguo za muda za wadhifa uliokuwa kwenye seva ile, na wadhifa huo uliruhusiwa kusoma ndoo nyingi mno. Benki ilitozwa faini ya dola milioni 80 mwaka 2020, naye akapatikana na hatia mwaka 2022. Na alizipataje akaunti zenye kasoro? Waendesha mashtaka walisema alijitengenezea programu ya kukagua akaunti za AWS zilizopangwa vibaya. Kazi ile ile ya mkaguzi, mikono tofauti. Wale waliomlaumu Farmer mwaka 1995 na wale waliomtetea wote walikuwa na sehemu ya ukweli.

Funzo ni kwamba wadhifa mpana ni hatari hata funguo zake zikiwa za muda. AWS ina sera mbili zilizoandaliwa tayari ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ReadOnlyAccess, na jina lake hutuliza moyo: kusoma tu. Lakini kusoma huko ni pamoja na kusoma faili zilizomo ndani ya ndoo, yaani zile picha za vitambulisho. Ya pili ni SecurityAudit. Hii husoma mipangilio, kwa mfano kama ndoo imefunikwa, bila kusoma kilichomo. Mkaguzi wa mipangilio anatosheka nayo kwa sehemu kubwa. Siku hizi huduma nyingine huomba pia ruhusa ya kunakili diski za seva ili zitafute udhaifu ndani yake. Si uovu, ni kazi nyingine, ila ujue unachokitia sahihi.

TULIVYOFANYA SISI

Baada ya wiki nikamrudia mkubwa wangu. Ile huduma ya ufunguo wa mamlaka yote tuliiacha. Tukachukua nyingine inayotumia wadhifa, inayotoa kitambulisho cha nje yenyewe, na tukaipa SecurityAudit peke yake. Kisha nikakaa nikitazama kumbukumbu za CloudTrail, ambazo huandika nani aliomba nini. Nikawaona wanaingia. Wakasoma mipangilio, hawakugusa kingine. Ilichukua dakika ishirini hivi.

Ripoti ikaja. Mstari wa kwanza, mwekundu: ndoo moja iko wazi kwa dunia nzima.

Nilipoona jina lake mwili ulinifa ganzi. Niliiunda mimi mwenyewe mwaka 2021, nikiwa mgeni kazini, nikijaribu ukurasa wa kusajili wateja. Picha zilikuwa hazionekani kwenye ukurasa, nikaifungua ndoo "kwa dakika chache tu", ukurasa ukafanya kazi, nikafurahi, nikasahau. Majaribio yakageuka kuwa mfumo halisi. Kulikuwa na picha za vitambulisho vya wateja wetu wa kwanza. Watu halisi, nyuso na tarehe za kuzaliwa.

Je, kuna aliyezichukua? Usomaji wa faili moja moja hauandikwi kwenye CloudTrail usipouwasha mwenyewe, na kumbukumbu za ndoo nazo huja zikiwa zimezimwa. Sikuwa nimewasha hata moja. Hatuna jibu, na hatutalipata kamwe.

Nilienda kwa mkubwa wangu nikamweleza kila kitu. Hakunifokea, na angenifokea ingekuwa nafuu. Aliuliza tu, "Sasa sheria inasemaje?" Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inatoa saa 72 za kumjulisha Kamishna wa Data tangu ulipotambua uvujaji wenye hatari ya kweli kwa watu. Tulifunga ndoo, tukamwita wakili, taarifa ikapelekwa kabla saa hazijaisha, na wateja wale wakaandikiwa. Barua ile niliiandika mimi. Ni msimbo mgumu kuliko wote niliowahi kuandika.

Basi ndugu zangu, kama una akaunti ya wingu, ikague. Ukiwa huna pesa, Prowler ni ya bure. Ukitaka huduma ya kulipia, uliza maswali matatu kabla ya kubofya: wanataka ufunguo au wadhifa? Kitambulisho cha nje nani anakitengeneza? Wanasoma mipangilio au na vilivyomo? Wakijibu vizuri, waruhusu waingie. Mimi nilimwogopa mgeni wiki nzima, kumbe kikulacho ki nguoni mwako, aliyeacha mlango wazi nilikuwa mimi.

Wenye maswali au waliopitia haya, niandikieni, nitajibu nikipata nafasi. Mpaka wakati mwingine, kwaherini.